Je, kuomba kutangazwa muflisi kunaweza kumtoa mtu kwenye madeni yaliyomshinda hapa Uganda?

Mchuuzi wa Nafaka, Busia

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Naomba ushauri kutoka kwa wanaoifahamu sheria, na pia kutoka kwa waliowahi kuguswa na jambo hili wenyewe, kwa sababu nimesikia mengi sokoni na mengi yake yanapingana.

Mimi hununua mahindi kwa wakulima wa Busia, Bugiri na Namayingo na kuyauza ng'ambo ya mpaka. Biashara ilikwenda vizuri hadi Machi 2021, Kenya iliposimamisha ghafla uingizaji wa mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lile liliondolewa baada ya siku chache, lakini masharti yaliyofuata, yaani usajili wa waagizaji, cheti cha ubora na kiwango cha sumukuvu kisichozidi sehemu 10 kwa kila bilioni, yalinikuta na ghala lililojaa mzigo ambao haujapimwa. Sehemu ya mzigo iliharibika, sehemu nikaiuza kwa bei ya kutupa, na tangu wakati huo nimekuwa nikikopa kwa huyu ili nimlipe yule.

Leo benki inanidai shilingi milioni 68, na dhamana yake ni hati ya kiwanja chenye nyumba tunayoishi. Mke wangu alitia sahihi ya ridhaa. SACCO inanidai milioni 14, na wadhamini wangu wawili ni wafanyabiashara wenzangu. Mkopeshaji binafsi alinipa milioni 9 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwezi, na sasa anasema deni limefika milioni 21. Anashikilia kitambulisho changu cha taifa na kadi yangu ya benki. Kisha kuna wakulima wanaonidai jumla ya milioni 11, na hawa ndio wanaoninyima usingizi kuliko wote, kwa kuwa walinipa mahindi yao kwa kuniamini tu, bila karatasi.

Mali niliyo nayo ni nyumba hiyo, pikapu ya zamani, mizani, maturubai na mashine ya kupukuchua mahindi. Kijijini kuna ekari mbili za urithi ambazo bado ziko kwa jina la marehemu baba.

Mkopeshaji amesema atanishtaki na kunipeleka jela ya madai. Rafiki aliyeko Nairobi ananishauri nijitangaze muflisi, akisema kwamba baada ya miaka mitatu kila deni hufutika lenyewe. Mwingine ananiambia kwamba kabla ya kufanya hivyo niandikishe pikapu na mashine kwa jina la shemeji yangu. Naomba kufahamu: sheria ya Uganda inasemaje hasa, nitapoteza nini, nitabaki na nini, na je, kuna njia nyingine iliyo bora kuliko hii?

Wakili wa Mashariki

Ndugu Mchuuzi, pole sana kwa mzigo huu. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu umeeleza mambo yako kwa uwazi, na uwazi huo ndio utakaokusaidia mbele ya mahakama kuliko kitu kingine chochote.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2013 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2022. Rafiki yako wa Nairobi hakukudanganya, ila amekueleza sheria ya kwao. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015, ambayo kwa kawaida humwachilia muflisi miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, na ambayo ina utaratibu mwepesi kwa mtu asiye na mali iwapo madeni yake hayazidi shilingi za Kenya milioni 4. Hapa Uganda muda peke yake haumwachilii mtu. Aliyetangazwa muflisi ndiye anayepaswa kurudi mahakamani kuomba aondolewe katika hali hiyo, na mahakama huangalia jinsi alivyoingia kwenye madeni, jinsi alivyoshirikiana na msimamizi wa mali zake, na kama kuna alichoficha, kisha ndipo ikakubali, ikakataa, au ikaweka masharti.

Kufilisika kwa maana ya sheria ni mabadilishano. Unakabidhi mali yako yote inayoweza kuuzwa, na mamlaka juu ya mali hiyo yanatoka mikononi mwako. Nawe unapata kinga, kwa maana kwamba baada ya amri ya mahakama kutolewa, mdai asiye na dhamana hawezi tena kukushtaki wala kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa nguvu, dhidi yako kivyake bila ruhusa ya mahakama. Wadai wote wanaelekezwa kwenye mlango mmoja, wanathibitisha madai yao, na kila mmoja anapata fungu kulingana na utaratibu uliowekwa na sheria. Mwishoni, ukiachiliwa na mahakama, madeni yaliyobaki ambayo sheria inaruhusu yafutwe hayatakufuata tena.

Ombi la kutangazwa muflisi linaweza kuletwa na mdai au na mdaiwa mwenyewe. Mdai kwa kawaida huanza kwa kukupelekea hati rasmi ya madai, na usipolipa wala kuipinga ndani ya siku 20 za kazi, sheria inachukulia kwamba umeshindwa kulipa madeni yako. Mdaiwa anayejiombea huambatanisha taarifa kamili ya hali yake: mali zote, madeni yote, majina ya wadai, na dhamana alizoweka. Kwa kuwa madeni yako yamevuka shilingi milioni 50, ombi lako litakwenda Mahakama Kuu. Yaliyo chini ya kiasi hicho husikilizwa na mahakama ya hakimu mkuu. Amri ikitolewa, mali yako inaingia kwanza chini ya Mpokeaji Rasmi, ambaye ofisi yake iko URSB, shirika la serikali la usajili lenye makao Kampala na matawi Mbale, Gulu, Mbarara na Arua. Baadaye huteuliwa msimamizi wa mali, ambaye ni mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa. Utahojiwa hadharani juu ya mwenendo wako wa biashara, na wadai wako watakuwa na haki ya kukuuliza maswali. Watu wengi hawaambiwi jambo hili mapema, na linawashtua. Jiandae kueleza mbele ya wakulima wako mahindi yao yalikwenda wapi na fedha zilitumikaje.

Si kila kitu kinachukuliwa. Sheria inakuachia vyombo unavyovihitaji wewe mwenyewe kwa kazi yako, pamoja na nguo, matandiko na mahitaji ya msingi ya nyumbani kwako na familia yako. Mizani na maturubai unaweza kuyatetea kwa hoja hiyo bila shida kubwa, mashine ya kupukuchua inaweza kubishaniwa, pikapu sikutegemeshi. Mali unayoishikilia kwa niaba ya mtu mwingine si yako, na kwa hiyo haiingii. Ekari za urithi lazima uzitaje hata kama bado ziko kwa jina la marehemu, kwa sababu haki yako katika mirathi ni mali pia. Ukizinyamazia na ndugu mmoja akazitaja, utakuwa umeharibu jina lako mbele ya jaji kwa jambo ambalo pengine lisingekugharimu sana.

Sasa niseme lile ambalo naona ndilo kiini cha shauri lako. Amri ya kufilisika haiigusi haki ya mdai mwenye dhamana. Benki yako ina rehani juu ya nyumba, na kutangazwa kwako muflisi hakutaizuia kuiuza. Wadhamini wako wa SACCO nao hawakombolewi na kufilisika kwako. Siku utakapopata kinga wewe, SACCO itawageukia wao. Aidha, madeni yaliyotokana na udanganyifu hayafutwi hata baada ya kuachiliwa. Kwa hesabu yako mwenyewe, milioni 68 kati ya milioni 114 hazitaguswa na ombi hili kwa namna unayoitumainia, na milioni 14 nyingine zitahamia mabegani mwa rafiki zako. Kinachobaki ni mkopeshaji na wakulima. Jiulize kama kwa ajili ya hao wawili unahitaji kweli kupita njia nzito kiasi hiki.

Uzito wenyewe hauko kwenye mali tu. Ibara ya 80 ya Katiba ya 1995 inamzuia mtu aliyetangazwa muflisi na ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge, na kwa kuwa mgombea urais lazima awe na sifa za mbunge, zuio hilo linamfikia naye. Kuendesha kampuni kama mkurugenzi kunahitaji ruhusa ya mahakama. Jina lako litatangazwa gazetini. Kwa mfanyabiashara wa mpakani ambaye mtaji wake mkubwa ni kuaminiwa na wakulima, tangazo hilo linaweza kuuma zaidi ya kupoteza pikapu.

Ndiyo maana sheria hiyohiyo imeweka njia nyingine, na kwa maoni yangu njia hiyo haitumiki vya kutosha katika nchi yetu. Mtu binafsi anaweza kuiomba mahakama amri ya muda ya ulinzi ili apate nafasi ya kuwasilisha mpango wa malipo kwa wadai wake. Katika muda huo wadai wanazuiwa kukushtaki na kukaza hukumu, mtaalamu wa ufilisi anapitia hesabu zako, na wadai wanaitwa mkutanoni kuupigia kura mpango. Ukipitishwa kwa wingi unaotakiwa, unawafunga hata wale walioukataa, isipokuwa mwenye dhamana ambaye haki zake haziguswi bila ridhaa yake. Ukiutekeleza mpango hadi mwisho, hutakuwa umetangazwa muflisi kamwe. Unahitaji kuwa na kipato fulani cha kuahidi, kwa sababu wadai hawapigii kura matumaini matupu, lakini wewe bado una biashara na wateja, na hilo si haba.

Kuhusu shemeji: usifanye hivyo. Msimamizi wa mali ana mamlaka ya kuchunguza ulichotoa, ulichouza kwa bei ya chini na uliyempendelea kabla ya kufilisika, na mahakama inaweza kutengua uhamisho huo na kurudisha mali kwenye fungu la wadai. Shemeji yako atajikuta mahakamani, na wewe utakuwa umempa kila mdai sababu ya kupinga kuachiliwa kwako.

Mdhamini wa Zamani, Mbale

Wakili amegusa habari ya wadhamini, nami naomba niiongezee, kwa sababu niliwahi kuwa upande huo.

Nilimdhamini mwenzangu katika SACCO moja. Biashara yake ilipoanguka aliacha kupokea simu, si kwa ubaya, bali kwa aibu. Nilipata habari za deni kwa barua iliyonitaka nilipe salio lote, na akiba yangu ilikuwa imekwisha kushikiliwa. Deni nililipa kwa taabu kubwa, lakini kilichovunja urafiki wetu ni ule ukimya wake. Kama angenieleza mapema, tungekwenda pamoja kwa meneja tukaomba muda urefushwe na marejesho yapunguzwe, na naamini tungesikilizwa, kwa sababu SACCO ile haikuwa na faida yoyote katika kuwagombanisha wanachama wake.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu, kabla hujaweka sahihi kwenye karatasi yoyote ya mahakama, waite wadhamini wako wawili, waonyeshe hesabu hizi ulizotuandikia hapa, na uwaulize wanaweza kubeba nini na kwa muda gani. Wakilipa sehemu yako, wao nao wanakuwa wadai wako kwa kiasi walichokulipia, na ni afadhali wakae kwenye mkutano wa wadai wakiwa watu walioelezwa ukweli.

Afisa Mikopo Mstaafu, Kampala

Mimi nitazungumzia nyumba peke yake, maana hapo ndipo familia yako ilipo.

Chini ya Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, benki haiwezi kuamka asubuhi na kukuuzia nyumba. Lazima ikupe notisi ya kushindwa kulipa na siku 45 za kazi za kurekebisha hali. Zikipita bila malipo, lazima itoe notisi ya kuuza, na mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 21 za kazi kupita. Ukienda mahakamani kuomba mnada usimamishwe, kanuni za mwaka 2012 zinairuhusu mahakama kukutaka uweke asilimia 30, ama ya thamani ya mali kwa bei ya mauzo ya haraka, ama ya deni lililobaki. Watu wengi hukwama hapo, kwa sababu hutafuta zuio wakati mfuko umekwisha kukauka. Mkeo alitia sahihi ya ridhaa, kwa hiyo msijenge matumaini juu ya hoja ya kukosekana kwa ridhaa, labda kama kweli hakuelezwa alichokuwa akisaini, na hilo lazima liwe kweli ndipo lisemwe.

Kwa miaka niliyokaa upande wa pili wa meza, nimeona kwamba nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa makubaliano na benki hupata bei bora kuliko inayouzwa kwa nyundo ya dalali. Benki hupenda kulipwa, haipendi kumiliki nyumba za watu. Ukienda kabla ya notisi ya kwanza, ukiwa na karatasi inayoonyesha mauzo yako ya kila mwezi kwa ukweli, unaweza kuomba marejesho yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi, au ukaomba miezi kadhaa ya kuiuza nyumba mwenyewe, ulipe milioni 68 na ubaki na kitu cha kununulia kiwanja kidogo. Ukisubiri mnada, gharama za dalali na za mawakili zinaongezwa juu ya deni lako, na bei ikishindwa kufunika deni, benki itakudai tofauti kama mdai wa kawaida. Najua ni vigumu kumwambia mke na watoto kwamba nyumba itauzwa. Hata hivyo, hesabu hii ifanyeni wote wawili mezani, kwa sababu hati ile ilitolewa kwa sahihi zenu wote.

Na tafadhali, maombi yako yote kwa benki yawe kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mazungumzo ya mdomo na meneja hupotea meneja anapohamishwa.

Msaidizi wa Sheria, Tororo

Nimesoma habari ya mkopeshaji na imenikera, kwa sababu tunaipokea karibu kila wiki kutoka kwa walimu, askari na akina mama wa sokoni.

Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji binafsi, pamoja na kanuni zake, inakataza mkopeshaji kuchukua kitambulisho cha taifa, pasipoti, kadi ya benki au namba ya siri kama dhamana. Msimamizi wa wakopeshaji hawa ni UMRA, na kila mkopeshaji lazima awe na leseni yake. Kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilitangaza kikomo cha riba kwa wakopeshaji binafsi, yaani asilimia 2.8 kwa mwezi, sawa na asilimia 33.6 kwa mwaka. Kwa mkopo wa milioni 9, asilimia 2.8 ni shilingi 252,000 kwa mwezi, wakati asilimia 15 anayokutoza ni shilingi 1,350,000. Kama mkopo wako ulitolewa kabla ya tangazo hilo, wakili ataangalia kama kikomo kinakufaa. Hata hivyo sheria ya mashauri ya madai inairuhusu mahakama kukataa kutekeleza riba iliyo kali na ya kukandamiza, na kuweka kiwango inachoona ni cha haki. Kwa hiyo usikiri popote, kwa maandishi wala kwa ujumbe wa simu, kwamba unadaiwa milioni 21. Kiri ulichopokea, orodhesha ulichokwisha kulipa, na udai upewe mchanganuo.

Kuhusu jela ya madai, ni kweli ipo, na ni kweli watu hupelekwa, lakini si kwa amri ya mkopeshaji. Anapaswa kwanza kukushtaki na kupata hukumu, kisha aombe ukazaji wake kwa njia ya kukamatwa, nawe kwa kawaida unaitwa kueleza kwa nini usifungwe. Hapo ndipo unapoeleza umaskini wako na kupendekeza malipo ya awamu, na mahakama ina uwezo wa kukataa kumfunga mtu ambaye ameshindwa kwa sababu hana, tofauti na yule anayeficha alicho nacho. Kifungo chenyewe hakizidi miezi 6, mdai ndiye anayegharamia chakula chako humo, na ukitoka deni bado lipo. Kosa linalowaangamiza wengi ni kutoitika wito wa mahakama. Usivuke mpaka kwenda kujificha kwa rafiki, kwa sababu mdai akithibitisha kwamba unatoroka, mahakama inaweza kuamuru ukamatwe hata kabla ya hukumu.

Kama huna fedha za wakili, Justice Centres Uganda hutoa msaada wa kisheria bure kwa wasiojiweza na ina kituo hapa Tororo. Nenda na mkataba wa mkopo, kama ulipewa nakala, na risiti zote.

Mchuuzi wa Nafaka, Busia

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimemsomea mke wangu majibu haya tangu mwanzo hadi mwisho, naye amekubali twende benki pamoja. Wadhamini nitawaita Jumapili hii.

Nina maswali mawili kwa Wakili. La kwanza: kwa kuwa wakulima ndio wenye uhitaji mkubwa, na wengine wana watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, je, naweza kuuza pikapu sasa hivi na kuwalipa wao kwanza, kisha niende mahakamani kwa ajili ya waliobaki? La pili: madai yao hayana karatasi. Je, katika mkutano wa wadai watahesabiwa?

Wakili wa Mashariki

Ndugu yangu, swali la kwanza linaonyesha una utu, na jibu lake halitakufurahisha. Mtu ambaye tayari hawezi kulipa madeni yake akichagua baadhi ya wadai na kuwalipa wao huku wengine wakikosa, malipo hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa upendeleo, na msimamizi wa mali anaweza kuiomba mahakama iyatengue. Maana yake ni kwamba mkulima aliyekwisha kulipa ada ya shule angedaiwa arudishe fedha. Ungekuwa umemwingiza kwenye kesi mtu uliyetaka kumsaidia.

Lakini njia ya mpango inakupa nafasi ambayo kufilisika hakukupi. Katika mpango wa malipo unaweza kupendekeza waziwazi kwamba pikapu iuzwe, na kwamba wakulima wenye madai madogo walipwe katika awamu ya kwanza, huku wadai wakubwa wakisubiri marejesho ya miezi inayofuata. Wadai wengine wataliona pendekezo hilo, watalijadili na kulipigia kura. Nimewahi kuona wadai wakubwa wakikubali jambo la namna hii bila ubishi, kwa sababu madai madogo yakiondoka mapema hesabu inakuwa nyepesi, na kwa sababu wao wenyewe wanajua kwamba bila wakulima hutapata mzigo wa kuuza, na bila mzigo hawatalipwa. Ukiuza pikapu, weka wazi pia utakavyosafirisha mahindi bila hiyo, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.

Kuhusu karatasi, deni la mdomo ni deni halali, ila linahitaji kuthibitishwa, na mdai mwingine ana haki ya kulipinga. Anza leo. Chukua daftari, andika jina la kila mkulima kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kijiji chake, tarehe aliyokupa mahindi, idadi ya magunia na kilo, bei mliyokubaliana, ulichokwisha kumlipa na kilichobaki. Msomee kwa lugha anayoielewa, atie sahihi au dole gumba, nawe utie yako, na mwenyekiti wa kijiji ashuhudie kama yuko tayari. Kama mlikubaliana kwa ujumbe wa simu au ulimtumia sehemu ya malipo kwa simu, hifadhi ujumbe huo na uombe kampuni ya simu taarifa ya miamala ya kipindi hicho. Usiongeze kilo hata moja kwa kumhurumia mtu, kwa maana wakili wa mkopeshaji akipata dai moja lililotiwa chumvi, atalitumia kuyatilia shaka yote. Kila mkulima abaki na nakala yake, na daftari lenyewe uje nalo siku utakapokwenda kumwona mtaalamu wa ufilisi, pamoja na mkataba wa benki, taarifa ya SACCO na barua zote ulizopokea.